Neva Zako Zinaishi kwa Barua

 Kama uko jikoni, weka sufuria chini kidogo. Kama uko kwenye matatu, mwombe dereva aongeze sauti. Leo tutazungumza juu ya mishipa ya fahamu, ile ambayo pia tunaiita neva. Nitawaeleza jinsi seli ya neva inavyopokea amri ya kuishi, ya kukua na ya kufanya kazi, na amri hiyo inatoka wapi. Ni habari ya sayansi, lakini usiogope. Safari yetu itaishia kwenye nyayo za miguu yako mwenyewe.

Naanza na kisa. Mzee mmoja mkulima alifika kliniki akiwa amesindikizwa na mke wake. Hakuja kwa sababu ya maumivu. Alikuja kwa sababu mama aliona damu kwenye soksi. Tulipomvua gambuti, tulikuta msumari umetoboa soli na kuingia kwenye unyayo. Alikuwa ameutembelea tangu asubuhi. Alikamua ng'ombe nao, akapalilia viazi nao, akaenda dukani na kurudi nao. Nikamwuliza, "Mzee, hukusikia kitu?" Akanijibu kwa upole, "Daktari, miguu yangu hii ilinyamaza zamani."

Mzee huyu alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi. Vidonge alikuwa navyo, lakini alimeza siku ambazo alijisikia vibaya tu. Siku alizojisikia vizuri aliviweka kabatini.

Sasa, miguu hunyamaza vipi? Nani huiambia inyamaze? Hilo ndilo swali letu la leo. Ili kulijibu, lazima kwanza tujue neva moja imejengwa namna gani.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho matupu. Seli nyingi zina umbo la mviringo au bapa, zimepangana kama matofali. Seli ya neva ni ya ajabu kidogo. Chukua ile inayoleta habari kutoka kwenye kidole gumba cha mguu. Kichwa cha seli hiyo kiko kando ya uti wa mgongo, sehemu ya chini. Kutoka hapo unatoka uzi mwembamba kuliko unywele, unashuka kwenye paja, unapita nyuma ya goti, unateremka mpaka kwenye ngozi ya kidole. Kwa mtu mzima uzi huo una urefu wa karibu mita 1. Seli moja, mita nzima!

Tuseme kichwa cha seli hiyo kingekuzwa kikawa kama chumba chenye upana wa mita 5. Basi uzi wake ungekuwa na urefu wa kama kilomita 100. Ni kama mtu aliyekaa Nairobi anyooshe mkono mpaka apite Naivasha. Kumbuka umbali huo, maana tutaurudia.

Ndani ya kichwa cha seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna DNA. Hiki ndicho kitabu cha maagizo ulichorithi kwa baba na mama. Kitabu hiki kina jeni kama 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini. Chukulia kila jeni kuwa ukurasa mmoja. Kila ukurasa unaeleza jinsi ya kutengeneza protini fulani, na protini ndizo zinazofanya kazi za mwili.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Seli ya ini, seli ya ngozi na seli ya neva zote zina kitabu kile kile, ukurasa kwa ukurasa. Kinachozitofautisha ni kurasa zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Ukurasa ukifunguliwa, seli inaunakili. Nakala inatoka nje ya kiini, inapelekwa kwenye karakana ya seli, na protini inatengenezwa. Ukurasa ukifungwa, protini hiyo haitengenezwi, hata kama maagizo yamo. Ndivyo wataalamu wanavyosema kwamba jeni imewashwa au imezimwa.

Je, kichwa cha neva kilichoko mgongoni kitajuaje kwamba kule mguuni kuna ngozi inayohitaji kuhudumiwa? Kitajuaje kurasa za kufungua? Hakina macho. Kiko mbali, kama nilivyosema, kama Nairobi na kule kupita Naivasha.

Jibu ni kwamba kinaandikiwa barua.

(Muziki kidogo.)

Tunaendelea, msikilizaji. Barua ninayoisema ni protini. Zipo nyingi, na kwa jumla huitwa protini za ukuaji. Ya kwanza kugunduliwa ni protini ya kukuza neva, inayojulikana kwa herufi tatu, NGF. Hutengenezwa na ngozi na viungo vingine ambavyo neva hufikia. Hutengenezwa kwa kiasi kidogo sana, na ni lazima neva iitafute.

Nitawaeleza safari ya barua hiyo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza. Ngozi ya kidole inatoa NGF. Kwenye ncha ya uzi wa neva kuna vipokezi vinavyoitwa TrkA, ambavyo ni kama sanduku la posta linalopokea barua ya aina moja tu. NGF ikishika kipokezi, vipokezi viwili vinakaribiana na kupigiana muhuri. Muhuri wenyewe ni kipande kidogo cha kemikali kiitwacho fosfeti.

Hatua ya pili. Ngozi ya neva inajikunja kuelekea ndani na kufanya kifuko kidogo. Ndani ya kifuko kuna NGF pamoja na kipokezi chake kilichopigwa muhuri. Barua imeingia kwenye bahasha.

Hatua ya tatu. Ndani ya uzi wa neva kuna njia ndefu, kama reli, zilizojengwa kwa protini. Juu ya reli hizo hutembea protini za uchukuzi, zikibeba mizigo. Moja hukibeba kile kifuko na kuanza safari ya kupanda, kutoka kidoleni, kupita kwenye goti, hadi mgongoni. Hii ni safari ya siku kadhaa. Usifikiri ni kama ule umeme wa neva unaokufanya uruke ukigusa jiko lenye moto. Umeme ule ni simu. Hii ni barua ya kubebwa kwa mkono.

Hatua ya nne. Kifuko kikifika kwenye kichwa cha seli, ule muhuri unapokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, kama karani anavyompa karani mwenzake faili, mpaka unaingia ndani ya kiini. Humo mna protini iitwayo CREB, ambayo imekaa juu ya DNA ikisubiri. CREB ikipigwa muhuri, inafungua kurasa.

Kurasa gani? Mmoja ni wa protini iitwayo Bcl-2, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isijiue. Kurasa nyingine ni za kutengeneza milango ya umeme wa neva, na kemikali ambazo neva hutumia kupasha habari za maumivu. Kurasa nyingine ni za vifaa vya kurefusha na kukarabati uzi wenyewe. Kwa maneno mengine, barua kutoka kidoleni inasema: "Tuko hapa. Tunakuhitaji. Endelea kuishi, na tuma vifaa."

Jambo hili watafiti wamelitazama waziwazi kwenye maabara. Wana seli za panya zinazoitwa PC12, ambazo zilianza kufugwa maabarani mwaka 1976. Hizi ni seli za uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, na kazi yao ni kugawanyika na kuongezeka tu. Ukizimwagia NGF, zinaacha kugawanyika, zinaanza kutoa nyuzi, na baada ya siku kadhaa zinafanana na seli za neva. Mwaka 1985 watafiti huko New York walionyesha kwamba NGF ikigusa seli hizo, jeni moja iitwayo c-fos inawaka ndani ya dakika chache. Na c-fos ni ukurasa wa kufungua kurasa nyingine. Ni kama chifu anayepata barua, naye anaita wazee wa vijiji, kila mzee anakwenda kuita watu wake.

Sasa mtauliza, nani aligundua NGF? Ni mwanamke wa Italia aitwaye Rita Levi-Montalcini, aliyezaliwa Turin mwaka 1909. Alisomea udaktari. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi, naye alikuwa Myahudi, kwa hiyo akafungiwa milango ya chuo kikuu. Hakukaa bure. Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Alitumia mayai ya kuku yenye vifaranga vichanga ndani. Alikata kile kichipukizi ambacho kingekuwa mguu au bawa, halafu akatazama kwa hadubini yaliyotokea kwenye neva. Aliona kwamba neva zilizokosa kiungo cha kuhudumia zilianza vizuri, halafu zikafa.

Baada ya vita, mwaka 1947, alikwenda St. Louis, Marekani, kufanya kazi na mtaalamu Viktor Hamburger. Mwaka 1952 alisafiri kwa ndege kwenda Rio de Janeiro, Brazil, na kwenye mkoba wake alibeba panya wawili wenye uvimbe wa saratani. Huko aliweka kipande cha uvimbe karibu na fungu la seli za neva za kifaranga kwenye kichupa. Kwa muda mfupi, nyuzi za neva zilichipuka pande zote kama miale ya jua. Uvimbe ule ulikuwa ukitoa barua. Mwenzake, Stanley Cohen, ndiye aliyeichambua protini yenyewe, akaipata kwa wingi kwenye sumu ya nyoka na kwenye tezi za mate za panya dume. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mama Rita aliishi miaka 103, akafariki mwaka 2012.

(Muziki kidogo.)

Msikilizaji, sasa tuje kwenye swali gumu. Barua isipofika, inakuwaje?

Kwa mtoto aliye tumboni, jibu ni kali. Mwili hutengeneza seli za neva nyingi kuliko zinazohitajika. Zile zinazofika mahali pake na kupata barua zinaishi. Zinazokosa zinakufa. Katika sehemu nyingi za mwili karibu nusu hufa kwa njia hii, na hiyo ni kawaida. Ndivyo mwili unavyolinganisha idadi ya neva na ukubwa wa kiungo.

Kinachoshangaza ni namna zinavyokufa. Zamani watu walidhani seli iliyokosa NGF inakufa kwa njaa, kama taa iliyoishiwa mafuta ya taa. Mwaka 1988 watafiti wa St. Louis walichukua seli za neva za panya wachanga, wakaziondolea NGF, lakini wakazuia pia zisitengeneze protini mpya. Seli hazikufa! Maana yake nini? Maana yake ni kwamba seli iliyokosa barua inafungua kurasa nyingine za kitabu, kurasa za kujimaliza, na inatengeneza vifaa vya kazi hiyo yenyewe. Ukizuia vifaa visitengenezwe, inabaki hai. Kwa hiyo barua ya NGF ina kazi mbili: inafungua kurasa za uhai, na inaweka kurasa za kifo zikiwa zimefungwa.

Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya kile kipokezi, TrkA. Watafiti wa Japani ndio walioonyesha hitilafu hiyo mwaka 1996. Kwa watoto hawa ngozi inaandika barua, lakini sanduku la posta ni bovu. Neva za maumivu na za jasho hazijengeki. Mtoto hasikii maumivu. Unaweza kudhani hiyo ni baraka. Hapana. Mtoto huyo anauma ulimi wake mpaka unakatika, anaungua bila kulia, anavunjika mfupa na kuendelea kutembea. Na kwa kuwa hatoi jasho, joto la mwili linampanda mpaka kuhatarisha maisha yake. Msikilizaji, maumivu ni askari wa mlangoni. Tunamchukia akipiga kelele, lakini ole wa nyumba isiyo na askari.

Kwa mtu mzima mambo ni tofauti kidogo. Seli nyingi za neva za mtu mzima hazifi upesi zikikosa NGF. Lakini zinapunguza kazi. Kurasa za vifaa vya neva zinafungwa moja moja. Ncha za nyuzi kwenye ngozi zinanyauka na kurudi nyuma. Na zinazotangulia kuathirika ni zile zenye nyuzi ndefu zaidi. Zipi hizo? Za miguu.

Ndiyo, tumerudi kwa mzee wetu.

Kisukari kisichodhibitiwa kinaharibu neva kwa njia nyingi kwa pamoja. Sukari nyingi inaharibu mishipa midogo ya damu inayolisha neva. Inaharibu pia mitambo ya nishati ndani ya seli. Na inaharibu posta. Kwa wanyama wa maabara wenye kisukari imeonekana kwamba NGF inayopanda kutoka mguuni inapungua. Kwa binadamu pia, watafiti waliopima ngozi za wagonjwa wa kisukari walikuta NGF imepungua mahali ambapo neva zimeanza kudhoofika. Barua zinaandikwa chache, na zile chache zinachelewa njiani. Huko mgongoni kichwa cha seli kinakaa kimya, hakina habari, kinafunga kurasa. Unaanza kwa ganzi kwenye vidole. Halafu kama sindano usiku. Halafu kama umevaa soksi wakati hujavaa. Halafu kimya.

Najua msikilizaji mmoja anasema sasa hivi, "Daktari, kama tatizo ni barua, si mtuchome sindano ya hiyo NGF?" Ni swali zuri, na wataalamu walilijaribu. Wagonjwa wa kisukari zaidi ya 1,000 walishiriki katika utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2000. Walidungwa NGF au sindano isiyo na dawa kwa muda wa wiki 48. Matokeo? Sindano haikuwasaidia kuliko ile isiyo na dawa. Tena wengi walipata maumivu pale walipodungwa.

Kwa nini maumivu? Kwa sababu barua hiyo hiyo ina maana nyingine ikiwa nyingi. Ukijikata na jeraha likavimba, NGF inaongezeka mahali pale. Neva zinasoma barua nyingi kwa pamoja na kufungua kurasa za kuongeza maumivu. Mojawapo ni kuongeza kile kipokezi kinachohisi moto na ukali wa pilipili. Ndiyo maana jeraha lililovimba linauma hata likiguswa na shuka. Kampuni za dawa zilijaribu pia njia ya kinyume, yaani kuzuia NGF ili kutuliza maumivu ya viungo. Maumivu yalipungua kweli, lakini kwa baadhi ya wagonjwa viungo viliharibika haraka zaidi. Mwaka 2021 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura dhidi ya dawa moja ya namna hiyo. Kwa hiyo barua chache ni hatari, na barua nyingi ni hatari. Zinatakiwa kwa kiasi chake, mahali pake, kwa wakati wake.

Mahali pamoja imefaulu: jichoni. Kuna matone ya NGF yaliyokubaliwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018, kwa ugonjwa adimu ambapo neva za kioo cha mbele cha jicho zimedhoofika na kidonda hakiponi. Jicho liko wazi, tone linafika moja kwa moja. Mguu si hivyo.

Kwa sababu hiyo, nawaomba muwe waangalifu sana. Kwenye stendi, sokoni, hata ndani ya basi, wako watu wanaouza unga na vidonge wakidai vinafufua mishipa ya fahamu. NGF ni protini. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga maharagwe. Haifiki kidoleni. Kama kungekuwa na unga wa kurudisha hisia za miguu, hospitali zote zingekuwa nao. Usiuze kuku wako wawili ili ununue unga wa kutia kwenye uji, halafu ukaacha vidonge vya kisukari.

(Muziki kidogo.)

Kabla ya ushauri, nigusie ubongo kwa ufupi. Ubongo nao una barua zake. Mojawapo ni protini iitwayo BDNF, iliyotolewa kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982 na Yves-Alain Barde pamoja na Hans Thoenen na wenzao. BDNF nayo inapiga muhuri vipokezi na kuamsha CREB, na kurasa zinazofunguliwa husaidia seli za ubongo kuimarisha viungo kati yao unapojifunza jambo jipya.

Mwaka 1995 watafiti wa California walionyesha kwamba panya waliopewa gurudumu la kukimbilia waliwasha jeni ya BDNF zaidi katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kisha mwaka 2011 ukatolewa utafiti wa wazee 120 huko Marekani. Nusu walitembea dakika 40, siku 3 kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Nusu walifanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Wale waliotembea, sehemu hiyo ya kumbukumbu iliongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 2, wakati kwa wenzao ilipungua. Waliokuwa na ongezeko kubwa la BDNF kwenye damu ndio walioonyesha ongezeko kubwa zaidi kwenye ubongo. Kwa hiyo usimwambie mama mzee akae tu kwenye kiti kwa sababu ameshachoka. Mpe fimbo, mtembee pamoja mpaka kwa jirani.

Sasa chukua kalamu. Haya ndiyo mambo ya kufanya ili barua za neva zako ziendelee kupita.

Kwanza, pima sukari. Kama una miaka zaidi ya 40, au umenenepa, au nyumbani kuna mtu mwenye kisukari, usingoje dalili. Kama tayari una kisukari, meza dawa kila siku kama ulivyoelekezwa, hata siku unayojisikia mzima. Neva haikuambii inapoanza kuharibika. Uliza pia juu ya kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi 3 iliyopita.

Pili, angalia miguu yako kila jioni. Juu, chini, na katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama, tumia kioo au mwombe mtoto akutazamie. Kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute na uingize mkono ndani. Changarawe, msumari, hata kifuniko cha soda, vyote vimeshapatikana humo. Usitembee miguu mitupu, hata ndani ya nyumba. Usioteshe miguu kwenye jiko, na maji ya kuoga yapime kwa kiwiko.

Tatu, nenda kliniki angalau mara moja kwa mwaka upimwe hisia za miguu. Kipimo ni rahisi, wanatumia uzi mgumu wa nailoni kugusa unyayo nawe umefumba macho. Hakiumi.

Nne, jua kwamba si kisukari tu kinachonyamazisha miguu. Pombe nyingi kwa miaka mingi inaharibu neva. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi inaweza kuleta ganzi, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6, kwa hiyo usiiache ile B6. Na wanaotumia metformini kwa muda mrefu wanaweza kupungukiwa na vitamini B12. Ukipata ganzi, mweleze mhudumu wa afya dawa zote unazotumia. Usijiachishe dawa wewe mwenyewe.

Tano, tembea, ukiwa na viatu vinavyokutosha. Kama tayari una kidonda mguuni, usitembee kwa mazoezi mpaka uonwe na daktari. Na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari si cha kutibu kwa majani wala kwa maji ya chumvi nyumbani. Ni cha kukimbilia kliniki siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa mguu ni mguu wa bandia.

Mtataka kujua mzee wetu alifika wapi. Msumari tuliutoa, lakini uchafu ulikuwa umeshaingia ndani sana. Alipoteza kidole kimoja. Mguu ulibaki. Hisia za unyayo hazikurudi, na sikumdanganya kwamba zitarudi. Lakini sukari yake sasa imetulia, na mikono, ambayo ilikuwa imeanza kufa ganzi, imekaa pale pale bila kuendelea kuharibika. Kila jioni mke wake anamshikia kioo, anamtazama nyayo. Siku moja aliniambia, "Daktari, kama miguu haiwezi kusema, mimi nitaisemea."

Leo jioni, kabla ya kulala, vua viatu utazame nyayo zako. Kisha umtazamie na mwenzako.